Kioo cha Nusu ya Kimo: Jamii Ndogo katika Fasihi

Mwenyekiti wa kikao, walimu wenzangu, wanafunzi, na nyote mliokuja kusikiliza habari za vitabu ilhali mlikuwa na mengine ya kufanya: nawashukuru kwa kunipa nafasi hii.

Nitaanza na sentensi ambayo karibu kila aliyepita katika darasa la fasihi ya Kiswahili ameiandika walau mara moja: fasihi ni kioo cha jamii. Nami niliiandika nikiwa mwanafunzi, nikapewa alama. Baadaye nikawa mwalimu, nikaikuta katika insha za wengine mara nyingi mpaka ikanichosha, kwa kuwa ilikuwa imegeuka salamu ya kufungulia insha. Mwanafunzi akishaiandika hushusha pumzi, kana kwamba kazi imekwisha. Lakini neno kuchakaa si sawa na neno kuwa la uongo, na leo ningependa kuichukua sentensi hiyo kwa uzito wake, nikiuliza swali ambalo nadhani hatuliulizi vya kutosha: kioo hicho kina ukubwa gani?

Nauliza hivyo kwa sababu kuna jambo kuhusu kioo cha kawaida, kile cha bapa kinachotundikwa ukutani, ambalo watu wengi hulikataa mpaka walijaribu wenyewe. Ili ujione mzima, tangu utosini hadi unyayoni, huhitaji kioo chenye urefu wako. Kioo cha nusu ya kimo chako kinatosha, na ukirudi nyuma hatua kumi kitatosha vilevile, maana kurudi nyuma hakuongezi kitu wala hakupunguzi. Kinachotakiwa ni kitundikwe pahali pake: ukingo wa juu uwe katikati ya utosi na macho, na ukingo wa chini uwe katikati ya macho na unyayo. Kikiteremshwa kidogo, kichwa hukatika. Kikipandishwa kidogo, miguu hupotea.

Ndivyo ninavyoiona jamii ndogo katika fasihi. Kijiji kimoja, kasri moja, mtaa mmoja, shamba moja: mtunzi huvitwaa hivi, akavitia watu wasiozidi idadi ambayo msomaji anaweza kuikumbuka kwa majina, kisha sisi tuliosoma tunasema tumeona taifa zima, au utawala mzima, au zama nzima. Jambo hilo huwezekanaje? Jibu la haraka ni kwamba jamii ndogo ni jamii kubwa iliyopunguzwa, kama vile ramani ilivyo nchi iliyopunguzwa. Mimi naliona jibu hilo kuwa la kosa, na sehemu kubwa ya maneno yangu leo ni kulipinga.

Mnalijua lile neno "anawakilisha". Chifu anawakilisha serikali, mke wa chifu anawakilisha ubadhirifu, mwalimu anawakilisha wasomi, mlevi anawakilisha vijana waliokata tamaa. Kitabu kikisomwa namna hii huwa kama mkutano ambao kila tabaka limetuma mjumbe wake mmoja, na kazi ya msomaji ni kuita majina na kuweka alama ya kwamba wote wamefika. Akishamaliza, riwaya haina tena la kumwambia. Habari hizo angezipata katika taarifa ya habari, na kwa muda mfupi zaidi. Siwalaumu wanafunzi kwa hili, kwa kuwa sisi walimu ndio tuliowazoesha, nao wakaona kwamba usomaji wa aina hiyo ndio unaolipa siku ya mtihani.

Mtu anaweza kunijibu kwamba zipo kazi zilizotungwa kwa makusudi hayo hasa. Ni kweli, na mfano mgumu kuliko yote kwa hoja yangu ni *Shamba la Wanyama*. George Orwell alikichapisha kitabu hicho mwaka 1945 akiwa na Urusi ya Stalin mbele ya macho yake, na wahakiki wameshaonyesha ni nguruwe yupi aliye kiongozi yupi. Mwaka 1967 Fortunatus Kawegere alikitafsiri kwa Kiswahili, na tangu hapo kimesomwa na watu wengi wasioweza kumtaja hata mmoja wa Warusi hao. Kama nguvu ya kitabu ingekuwa katika kuwakilisha, wasomaji hao wangebaki na hadithi ya mifugo tu. Nao hawakubaki hivyo. Nadhani najua ni kwa nini, na sababu yenyewe imo katika tukio dogo ambalo halijazi hata ukurasa mmoja.

Nguruwe wamehamia katika nyumba ya bwana shamba na wanalala vitandani. Farasi jike mmoja, wa makamo, mwenye moyo mwema, anakumbuka kwamba ilikuwapo amri ya kukataza vitanda. Anakwenda mpaka mwisho wa ghala, ukutani zilikoandikwa amri saba, anajaribu kusoma na kushindwa, kwa maana anazijua herufi mojamoja tu na hawezi kuziunganisha. Anamwita mbuzi amsomee. Mbuzi anasoma: mnyama yeyote asilale kitandani kwenye mashuka. Farasi anashangaa, kwa kuwa hakumbuki kuwapo kwa mashuka katika amri ile; lakini kwa vile yameandikwa ukutani, anaona lazima yalikuwapo tangu mwanzo. Basi. Hakuna damu hapo wala kelele. Kuna mtu (niwieni radhi, kuna farasi) anayeamini maandishi kuliko kumbukumbu yake, kwa sababu maandishi ni ya wenzake waliojaliwa kusoma. Yeyote aliyewahi kuona mzee akitia dole gumba kwenye karatasi aliyosomewa na mwingine hahitaji kuelezwa habari za Urusi.

Tazameni kilichofanya tukio hilo liwezekane. Sheria za nchi nzima zimeandikwa kwenye ukuta mmoja, na anayetilia shaka anaweza kuufikia kwa miguu yake. Katika dola kubwa sheria hubadilishwa katika jumba lenye walinzi, katika lugha ya wataalamu, na habari humfikia mwananchi baada ya miezi, kama itamfikia. Katika shamba, kati ya aliyebadili maneno na aliyedanganywa kwa maneno hayo pana hatua chache za nyasi. Mtunzi hakuipunguza dola; ameiondolea umbali.

Hilo ndilo ninalotaka kulisema leo: katika fasihi, udogo ni ukaribu. Katika jamii kubwa madhara husafiri mbali na aliyeyatenda. Mtu hutia saini asubuhi, na jioni, mahali asipopajua, nyumba ya mtu asiyemjua huvunjwa. Wawili hao hawatakutana, na wakikutana hawatatambuana. Ndiyo maana jamii kubwa ni ngumu kuisimulia, kwa kuwa mahusiano yake yamejaa ofisi, barua na masafa, na msomaji hawezi kuyakasirikia masafa. Watieni wawili hao katika kijiji kimoja, na aliyetia saini atampita aliyevunjiwa nyumba njiani, na namna watakavyosalimiana, nani ataanza, nani atasimama na nani atapita akitazama pembeni, itatuambia kuhusu mamlaka mambo ambayo hakuna ripoti itakayoyaandika. Kwa sababu hiyohiyo merikebu, gereza, bweni la shule na wodi ya hospitali hufanya kazi ileile inayofanywa na kijiji katika hadithi. Sharti ni moja: watu wasiweze kukimbiana kwa urahisi.

Ukaribu huleta na sauti yake. Msimulizi wa hadithi ya kijiji mara nyingi hujifanya ni sauti itokayo juu, inayojua yote, lakini ukimsikiliza vizuri utagundua kwamba anachokijua ni kile ambacho majirani wangekijua: nani alionekana wapi, nani kanunua nini, taa ya nani ilichelewa kuzimwa. Uvumi ndio msimulizi. Mwandishi mmoja alilitambua hili, akaupa uvumi nafsi yake ya kisarufi, nafsi ya kwanza wingi. Namzungumzia William Faulkner wa Marekani, katika hadithi fupi ya mwaka 1930 kuhusu Emily, mwanamke wa ukoo wa heshima anayeishi na kuzeeka peke yake katika nyumba kubwa ya mji mdogo wa kusini. Anayesimulia si Emily, wala jirani fulani mwenye jina. Ni "sisi". Sisi tulimwona, sisi tulimhurumia, sisi tulidhani atajiua.

Ndani ya hadithi hiyo kuna usiku mmoja ambao ningependa tuusogelee. Kumekuwa na harufu mbaya inayotoka katika nyumba ya Emily. Majirani wanalalamika kwa meya, ambaye ni mzee wa miaka themanini. Kijana mmoja anaona jambo ni jepesi: aambiwe asafishe nyumba yake, apewe muda. Meya anang'aka: utamwambiaje bibi wa heshima, mbele ya uso wake, kwamba ananuka? Basi baada ya saa sita ya usiku wanaume wanne wanaingia uani kama wezi, wananusanusa kandokando ya msingi wa nyumba, wanavunja mlango wa chumba cha chini ya nyumba, wanamwaga chokaa humo na katika vibanda vya nje. Wanapoondoka, dirisha lililokuwa giza linakuwa na mwanga, na Emily yupo dirishani, ameketi wima, hatikisiki. Wanakwenda zao kimyakimya. Baada ya wiki moja au mbili harufu inaisha.

Miaka mingi baadaye, Emily akishazikwa, mlango wa chumba cha juu unavunjwa, na mji unakuta kile kilichokuwa kikinuka: maiti ya mwanamume aliyekuwa mchumba wake, juu ya kitanda. Sumu iliyomuua, Emily aliuziwa na mji huu. Dukani alikataa kusema ni ya nini, na muuzaji akaandika mwenyewe juu ya boksi kwamba ni ya panya. Mji ulikuwa na pua, ulikuwa na macho, ulikuwa na sheria, na ulichagua chokaa. Wahenga walituachia usemi kwamba penye wazee hapaharibiki neno. Sina ugomvi na wahenga, ila hapa penye wazee ndipo neno lilipofunikwa, na lilifunikwa kwa adabu. Nimesoma vitabu vizito kuhusu namna jamii yenye tabaka la watukufu inavyowakinga watukufu wake, na sikumbuki kitabu kilichonionyesha jambo hilo kwa uwazi wa wale wanaume wanne na gunia lao.

Lakini kuna mtu mwingine katika nyumba ile. Mtumishi mweusi wa Emily, kwa miaka yote, ndiye anayeonekana akiingia na kutoka na kikapu cha sokoni. Mji ulishakata tamaa ya kupata habari yoyote kutoka kwake. Siku ya kifo cha Emily anawafungulia mlango wa mbele akina mama waliokuja, kisha anapita ndani ya nyumba moja kwa moja, anatokea mlango wa nyuma, na haonekani tena. Jina lake, Tobe, tunalisikia kwa kuwa Emily alimwita mara moja ili awatoe wageni nje. Ile "sisi" inayojua kila kitu haimjumuishi yeye, mtu ambaye huenda ndiye pekee aliyejua kila kitu. Nikirudi kwenye kioo changu: mji umekitundika juu mno, miguu yake haionekani, na mwandishi, kwa ustadi ambao bado unanistaajabisha, ameacha unyayo mmoja ukionekana kidogo kwenye ukingo, ukitoka kwa mlango wa nyuma.

Faulkner huyohuyo alichora ramani ya wilaya yake ya kubuni, Yoknapatawpha, ambamo mji wa Emily umo, na kuichapisha pamoja na riwaya yake ya mwaka 1936. Aliandika kwamba eneo lake ni maili za mraba 2,400, kwamba wakazi weupe ni 6,298 na weusi ni 9,313, na kwamba mmiliki pekee ni William Faulkner. Watu huutaja mzaha huo wa umiliki na kucheka, nami hucheka pia, lakini macho yangu hurudi kwenye zile hesabu mbili. Ukizijua hesabu hizo, kisha ukarudi kwenye hadithi ya Emily na kuuliza "sisi" ni akina nani, utaona kwamba "sisi" ya mji mzima ni sauti ya walio wachache.

Katika fasihi ya Kiswahili mtu wa mlango wa nyuma aliwahi kuletwa mbele. Adam Shafi, katika *Kasri ya Mwinyi Fuad* iliyotoka mwaka 1978, anaichukua nyumba ya bwana mmoja mwenye mashamba wa Zanzibar kabla ya Mapinduzi ya mwaka 1964 na kutuonyesha ukabaila kutoka ndani, kwa watu wanaofua, wanaopika na wanaotandika vitanda. Mmoja wao ni Kijakazi. Hebu tulisikilize jina hilo kama Waswahili: jina lake ni hadhi yake, na tena imewekwa katika udogo. Kinachonishika ni kwamba utiifu wake umepita hofu. Anaitumikia kasri kwa mapenzi, na hata utawala uliomweka pale unapoporomoka, ndani ya kichwa chake kasri bado imesimama. Ukisema Kijakazi "anawakilisha tabaka la chini" umesema kweli, na umempoteza. Tabaka la chini lilikuwa na watu walioasi pia. Jambo ambalo nyumba ile moja inatuwezesha kulitazama kwa karibu ni namna dhuluma inavyoweza kupata malazi katika moyo wa anayedhulumiwa, ikapendwa humo, na hilo halionekani ukiwa umbali wa takwimu.

Nitapita haraka katika mfano mmoja wa Amerika ya Kusini, kwa sababu unahusu uongo wa dola unapofika jikoni. Mwaka 1928 wafanyakazi wa mashamba ya ndizi waliogoma huko Ciénaga, Kolombia, walipigwa risasi na jeshi, na idadi ya waliouawa inabishaniwa hadi leo. Gabriel García Márquez aliyaingiza mauaji hayo katika kijiji chake cha kubuni, Macondo, katika riwaya ya mwaka 1967. Mtu mmoja anazinduka ndani ya treni iliyojaa maiti, anaruka, anatembea usiku, anafika kwenye nyumba moja na kumweleza mama mwenye nyumba kwamba waliokufa walikuwa kama elfu tatu. Mama yule anamtazama kwa huruma na kumwambia kwamba hapa hakujakuwa na watu waliokufa. Tamko rasmi la serikali huenda lilikuwa na muhuri na maneno makubwa, lakini lililomvunja mtu huyu ni kulisikia katika kinywa cha jirani mwenye huruma, kwa sauti ya upole.

Sasa niseme juu ya mlango, kwa maana jamii ndogo isiyo na mlango ni picha ya ukutani. Mwaka 1814 Jane Austen, mwandishi wa Uingereza, alimwandikia mpwa wake, ambaye naye alikuwa akijaribu kuandika riwaya, kwamba familia tatu au nne katika kijiji ndizo hasa za kufanyia kazi. Maneno hayo hutajwa mara nyingi na watu wanaotaka kumwonyesha kuwa mwandishi wa mambo madogo: vita vya Napoleon vinaunguza Ulaya, naye anahesabu dansi na posa. Huwa najiuliza kama wamesoma kitabu chenyewe. Katika riwaya yake ya mwaka 1813 kikosi cha askari kimepiga kambi katika mji wa jirani, na mabinti wanawakimbilia makoti mekundu. Vita vimefika, ila vimefika kwa umbo ambalo kijiji hukutana nalo, yaani vijana wengi wasio na makazi wala mizizi.

Mfano wangu hasa kutoka humo ni mgeni mmoja. Familia ina mabinti watano na haina mtoto wa kiume, na kwa mpango wa kisheria uliofungia mali katika ukoo wa kiume, baba akifa nyumba itakwenda kwa binamu, Bwana Collins. Collins anakuja kuwatembelea. Anaisifu sebule, anakisifu chumba cha kulia, anavisifu vyombo vyote, na mama mwenye nyumba angefurahi sana kama asingejua kwamba mgeni anavitazama vitu hivyo kama mali yake ya kesho. Waswahili tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa mgeni amekuja na mwenyeji anaugua pale pale kitini, huku akilazimika kushukuru. Sheria ya mirathi ya nchi nzima, pamoja na hali ya wanawake wasioruhusiwa na mpango huo kurithi, imeketi mezani ikisifu chakula. Hakuna aliyetoa hotuba. Wala Collins hawakilishi sheria. Ni mtu mpumbavu, mwenye maneno mengi, na ni kwa sababu ni mpumbavu ndipo tunaona ukatili wa mpango unaompa yeye kila kitu bila ya yeye kuwa na ubaya wowote.

Mlango mwingine ni mzito zaidi, na mtaniruhusu nikae hapo kidogo. Wengi wenu mmeisoma riwaya ya Chinua Achebe ya mwaka 1958, ama katika Kiingereza chake ama kwa jina la *Shujaa Okonkwo*. Kwa sehemu kubwa ya kitabu hicho tumo ndani ya Umuofia, vijiji tisa, na tunaishi humo kiasi kwamba tunajua nani ana maghala mangapi ya viazi vikuu, nani ana cheo gani, na desturi ipi inamuumiza nani. Achebe hakuisafisha jamii hiyo ili ipendeze: mapacha wanatupwa msituni, na kijana aliyemwita Okonkwo baba anauawa, na panga la mwisho ni la Okonkwo. Wale wanaosema kwamba jamii ndogo katika fasihi ni mahali pa kupumzikia, pa zamani pazuri tulipopapoteza, watafute kitabu kingine.

Mwishoni Okonkwo amejinyonga. Mkuu wa wilaya, Mwingereza, amefika na askari wake. Jamaa wa marehemu hawawezi kumgusa, kwa kuwa kujiua ni chukizo mbele ya ardhi, nao wanamwomba mgeni huyo watu wake wamshushe. Obierika, rafiki wa Okonkwo, anamgeukia na kumwambia kwa ukali kwamba mtu huyu alikuwa miongoni mwa wakubwa wa Umuofia, na ninyi mmemsukuma mpaka akajiua. Mkuu wa wilaya anaondoka akiwaza kitabu anachokusudia kukiandika juu ya namna alivyowatuliza watu wa nchi hii. Habari ya mtu huyu aliyejinyonga, anawaza, itapendeza kusoma. Angeweza kuiandikia karibu sura nzima. Labda si sura nzima, ila aya moja ya kutosha.

Kila ninapofika hapo hukitazama kitabu nilichokishika na kukipima kwa mkono. Maisha yaleyale ya mtu mmoja wa kijiji kimoja yamepata vipimo viwili: riwaya nzima na aya moja. Aya ile ndiyo iliyojidai kuwa kubwa, kwa kuwa imetoka kwa dola inayotawala mabara, imetazama kutoka mbali na imeona "makabila". Riwaya ndiyo iliyokubali kuwa ndogo. Nani kati yao ameona zaidi? Kwa aya, Umuofia ni tukio katika historia ya utawala. Kwa riwaya, utawala ni tukio katika historia ya Umuofia. Nadhani Achebe alijua kwamba msomaji aliyekaa na watu hao kwa kurasa zote zile angesikia neno "aya" kama tusi, na hakuhitaji kuongeza sentensi hata moja ya kulieleza. Hakuongeza.

Lakini lazima nikiri kwamba ukaribu ninaousifia una hatari yake. Mtunzi anaweza kutuzoesha kijiji mpaka tukadhani kilichopo nje ya kijiji ni uovu mtupu, na kila mgeni ni mharibifu. Zipo riwaya nyingi za namna hiyo, na zipo katika kila lugha. Msichana anatoka kijijini akiwa mwema, mji unamharibu, anarudi kufa. Nimezichoka. Kioo kilichotundikwa hivyo kinamwonyesha mwanakijiji uso wake ukiwa msafi kila mara, na kioo cha hivyo hakinyolewi nacho.

Nimalizie na nchi ambayo haipo. Shaaban Robert aliichapisha *Kusadikika* mwaka 1951, Tanganyika ikiwa chini ya utawala wa Waingereza. Faulkner alihesabu watu wake mmoja mmoja. Shaaban Robert aliitundika nchi yake angani na kuipa pepo kuwa mipaka, na karibu kila kitu tunachokiona humo kinatendeka katika baraza moja la hukumu. Karama ameshtakiwa na waziri Majivuno kwa kosa la kutaka kuwafundisha watu elimu ya sheria. Hajitetei kwa kukana. Anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande sita, mashariki na magharibi, kaskazini na kusini, mbinguni na ardhini, wakarudi na maarifa ya kuifaa nchi yao, na kila mmoja akaishia kifungoni.

Ninaposoma kitabu hicho siku hizi huwa simtazami sana Karama. Nawatazama wanaomsikiliza. Wamekaa katika chumba kimoja, hawawezi kuondoka mpaka shauri liishe, na wanasimuliwa kwa utaratibu, mjumbe baada ya mjumbe, mambo ambayo baraza lao ndilo lililoyatenda. Hawajaambiwa kwamba mjumbe wa kwanza anawakilisha kitu chochote. Ana jina, ana safari, ana mateso aliyoyapata njiani, na ana kifungo alichopewa aliporudi. Wakimaliza kumsikia huyo, anafuata wa pili. Mwisho wa shauri Karama anaachiwa huru, na wajumbe wale wanafunguliwa.

Ahsanteni kwa kunisikiliza. Mwenyekiti, nipo tayari kwa maswali.